Keki na Mikate ya Asubuhi Yenye Mafuta Kidogo: Kutambua Kasoro na Chanzo Chake

Katika mitaa ya Mtwara mjini, iwe Shangani, Ligula au Chikongola, kifungua kinywa cha siku ya kazi mara nyingi hununuliwa njiani: vitumbua au maandazi yaliyoepuliwa karaini muda huo huo, yakisindikizwa na chai ya rangi. Ni chakula kitamu, na akina mama wanaokipika huamka usiku wa manane ili sisi tupate kula. Hata hivyo, chakula cha kuzamishwa kwenye mafuta kikiliwa kila siku ya wiki hakimfai mtoto anayekua, wala mtu mzima aliyeshauriwa na daktari apunguze uzito au lehemu. Kwa sababu hiyo nimezoea, kwa miaka kadhaa sasa, kuoka Jumapili jioni keki ndogo na mikate ya kutosha hadi Alhamisi, ili anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi achukue chake na kuondoka.

Wengi waliojaribu njia hii waliiacha baada ya wiki mbili, kwa sababu keki zilitoka ngumu, zilikauka siku ya pili, au ziliota ukungu kabla ya Jumatano. Nimeyapitia yote hayo. Nilichojifunza ni kwamba mafuta katika kuoka yana kazi zaidi ya moja. Hufunika chembe za unga zisishikane kupita kiasi, huifanya keki ibaki laini kwa siku kadhaa, huzuia isigande kwenye bati, na hubeba harufu ya hiliki na mdalasini. Mpishi akiyapunguza bila kuweka kitu kingine cha kufanya kazi hizo, kila kazi iliyoachwa hujitokeza kama kasoro. Kwa hiyo, unapoiona kasoro, jiulize kwanza ni kazi gani ya mafuta iliyokosa mfanyaji.

Ili tuelewane, nitatumia kipimo kimoja katika maelezo yote. Kwa keki ndogo 12 ninachukua unga wa ngano vikombe 2, unga wa mtama nusu kikombe, bekingi pauda vijiko 2 vya chai, bekingi soda nusu kijiko cha chai na chumvi kidogo. Upande wa majimaji ninaweka ndizi mbivu zilizopondwa gramu 300, mtindi robo tatu ya kikombe, mayai 2, sukari vijiko 4 vya chakula na mafuta ya kupikia vijiko 2 vya chakula. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina takribani gramu 14, sawa na kilokalori 120 hivi, na keki ya ndizi ya kawaida hutumia kwa urahisi nusu kikombe, yaani vijiko 8. Kwa kipimo changu kila keki hubaki na mafuta ya gramu 4 hivi, pamoja na yale ya mayai na mtindi, badala ya zaidi ya gramu 10. Viwango vya kimataifa vya chakula, viitwavyo Codex, huruhusu chakula kigumu kiitwe chenye mafuta kidogo ikiwa mafuta hayazidi gramu 3 katika gramu 100. Keki hizi zinapita hapo. Sishauri kukifukuzia kiwango hicho jikoni kwako, kwani vile vijiko viwili vya mwisho ndivyo vinavyoitenganisha keki inayolika siku ya tatu na ile inayoishia kwa kuku.

Keki ni ngumu, inavutika kama mpira

Hii ndiyo kasoro inayolalamikiwa zaidi, nayo ina vyanzo vitatu vinavyofanana kwa nje. Ikate keki katikati kwa kisu chenye makali uitazame ndani kabla ya kuamua lolote. Ukiona vijia virefu vinavyopanda kutoka chini kuelekea juu, kama njia za mchwa kwenye gogo, basi unga ulikorogwa mno. Unga wa ngano ukikutana na maji na kusukwasukwa hujenga utando wa protini unaonyumbuka, yaani gluteni, na utando huo ndio tunaoutaka kwenye chapati na tunaouogopa kwenye keki. Mafuta mengi yangeuzuia utando huo usifungamane. Yakiwa kidogo, anayebaki kuuzuia ni mkono wako. Changanya vitu vikavu peke yake na vya majimaji peke yake, kisha vikutanishe mara moja kwa mwiko, ukigeuza kutoka chini kuja juu mara 12 hadi 15 tu. Acha pale unga mkavu unapotoweka, hata kama mabonge madogo yamebaki, kwa kuwa yataisha yenyewe motoni. Mashine ya kupigia keki iweke kando.

Ikiwa hakuna vijia, bali keki ina mwili mzito, mweupe na unaoteleza kama yai la kuchemsha, chanzo ni ute wa mayai. Watu wengi wanaoogopa mafuta hutupa viini vyote na kutumia ute mtupu. Ni kweli kwamba mafuta yote ya yai, takribani gramu 5, yamo kwenye kiini, lakini kiini ndicho pia kinacholainisha na kuunganisha mafuta na maji. Kwa keki 12 bakiza kiini angalau kimoja. Chanzo cha tatu ni unga wenye nguvu sana, ule uliokusudiwa mikate ya hamira. Badilisha sehemu yake kwa unga usio na gluteni, kama mtama au muhogo, lakini usipite robo ya unga wote, la sivyo keki itamong'onyoka.

Kuhusu unga wa muhogo sina budi kuweka onyo, maana Mtwara na Lindi ni nchi ya muhogo. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na unga wa makopa ambayo hayakulowekwa na kukaushwa vizuri haufai hata kidogo, kwa keki wala kwa ugali. Tumia muhogo mtamu, au unga wa mtu unayejua jinsi alivyouandaa.

Juu imeungua, katikati bado mbichi

Hapa watuhumiwa ni wawili, moto na tunda. Anza na moto, kwa sababu wengi wetu tunaoka kwa mkaa, kwa kupalia makaa juu ya mfuniko wa sufuria kama wanavyofanya wachomaji wa mkate wa kumimina. Kosa la kawaida ni kuweka makaa mengi chini. Sehemu kubwa ya makaa, kama theluthi mbili, yakae juu, na theluthi moja chini. Ndani ya sufuria tandaza mchanga mkavu au vijiwe ili bati lisiguse chuma kilichopata moto. Kupima moto bila kipimajoto, weka kijiko cha unga kwenye kisahani cha bati ndani ya sufuria iliyofunikwa. Ukigeuka kahawia mwepesi ndani ya dakika 5, moto ni wa wastani na unafaa. Ukikolea na kutoa moshi, ondoa makaa usubiri. Mwenye oveni ya umeme au gesi aweke nyuzi 170 hadi 175 za Selsiasi badala ya 190, na aanze kuchungulia dakika ya 18, kwa sababu keki ya mafuta kidogo haina kinga ya kuchelewa motoni: dakika 5 za ziada zinatosha kuikausha.

Ikiwa moto uko sawa na katikati bado panalowa, tunda lilizidi au lilikuwa na maji mengi. Ndizi mbivu yenye madoa meusi ndiyo mbadala mwepesi kuliko yote, lakini ipime kwa uzito, si kwa idadi, kwani ndizi tatu za leo si ndizi tatu za juzi. Boga lililopikwa kwa mvuke lafaa sana, mradi ulikamue kwenye kitambaa safi hadi liache kudondosha. Papai linahitaji uangalifu wa pekee. Papai bichi au bivu lisilopikwa lina kimeng'enya kinachovunja protini, na likikutana na mtindi mchanganyiko hupata uchungu ambao watu huudhania ni wa soda. Lichemshe kidogo kwanza, lipoe, ndipo ulitumie. Mabibo, ambayo msimu wa korosho huwa yamejaa chini ya mikorosho, nimeyajaribu mara kadhaa. Ukakasi wake haupotei kwa kuoka, na maji yake ni mengi mno. Siyapendekezi.

Jumatatu laini, Jumanne kavu kama ganda

Mtu akikutana na kasoro hii huiweka keki kwenye friji, na hapo ndipo anapoiharibu zaidi. Mkate au keki haikauki kwa kupoteza maji tu. Wanga uliolainika motoni hujipanga upya na kuwa mgumu, na jambo hilo huenda kwa kasi zaidi katika baridi ya friji kuliko mezani. Mafuta mengi huchelewesha mabadiliko hayo, na sukari nayo husaidia. Keki zetu zina uhaba wa vyote viwili, kwa hiyo haziwezi kuistahimili friji.

Njia iliyonifaa ni kugawa. Keki za Jumatatu na Jumanne hukaa kwenye chombo chenye mfuniko, mahali penye kivuli. Za Jumatano na Alhamisi huingia kwenye friza zikiwa zimepoa kabisa, kila moja imefungwa peke yake kwenye mfuko, Jumapili ile ile. Katika baridi ya friza wanga haupati nafasi ya kujipanga. Jioni ya Jumanne unatoa zinazohitajika, unaziacha ziyeyuke zikiwa bado zimefungwa, ili unyevu unaotoka urudi ndani badala ya kutua nje. Asubuhi zipashe juu ya mvuke wa birika au kwenye sufuria iliyofunikwa kwa dakika 3 hadi 4. Kuzipasha kwenye kikaango kilicho wazi huondoa unyevu uliobaki.

Wasio na friza, na wale ambao umeme hukatika mara kwa mara, ni bora waoke mara mbili kwa wiki, nusu ya kipimo kila mara. Vitu vikavu vya awamu ya pili vipimwe kabisa Jumapili na kufungwa mfukoni. Jumatano jioni kazi inayobaki ni ndizi, mtindi na mayai, nayo haizidi robo saa kabla ya kuweka motoni.

Ukungu, harufu ya nanasi, na nyuzi zinazovutika

Huku kusini mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo hewa ya pwani ni nzito kwa unyevu. Keki yenye tunda ndani ina maji mengi kuliko keki ya mafuta, kwa hiyo ukungu huipata mapema. Chanzo kikubwa ni haraka ya kufunga. Keki yenye joto ikifunikwa hutoa jasho, matone yakashika mfuniko na kurudi juu ya keki, na siku ya pili au ya tatu madoa ya kijani yanaonekana. Ziache juu ya wavu, zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa chepesi kwa ajili ya nzi, hadi sehemu ya chini isiwe na joto hata kidogo ukiigusa. Keki yenye ukungu itupwe nzima, kwani mizizi ya ukungu huingia ndani kuliko doa linaloonekana.

Kuna ugonjwa mwingine wa mkate ambao watu wengi wameuona bila kuujua jina, na mimi nilikutana nao mwezi wa Februari. Mkate wa hamira niliouoka Jumapili ulikuwa mzuri kwa nje, bila doa lolote. Jumanne nilipoukata nilisikia harufu tamu ya nanasi lililoiva kupita kiasi, na vipande viwili nilipovitenganisha taratibu, vilivutana kwa nyuzi nyembamba zinazong'aa, kama utando wa buibui uliolowa. Nilidhani ni kosa la hamira. Si hamira. Ni bakteria wa jamii ya Bacillus, wanaotoka udongoni na kufika kwenye unga pamoja na nafaka. Mbegu zao haziuawi na moto, kwa sababu ndani ya mkate joto halipiti nyuzi 100, na mkate ukikaa katika joto na unyevu kama wetu, huamka na kuula mkate kutoka ndani. Mkate huo usiliwe wala usikaushwe kwa matumizi mengine.

Kinga yake ni uchachu. Kwa kila nusu kilo ya unga wa mkate wa hamira weka kijiko kimoja cha chakula cha siki. Ladha yake haisikiki. Kwenye keki mtindi unafanya kazi hiyo, ila bekingi soda huumeza uchachu wa mtindi, na hii ni sababu mojawapo ya kutoipitisha soda nusu kijiko cha chai. Ubao, kisu na mabati yafutwe kwa siki, na unga wa zamani usichanganywe na mpya katika ndoo moja.

Kasoro ndogo ndogo

Keki ikigandia kwenye karatasi, subiri ipoe kabla ya kuimenya, na mara nyingine paka bati mafuta kwa brashi na kunyunyiza unga badala ya kutumia karatasi. Nusu kijiko cha chai kinatosha mabati yote. Ikiwa na ladha ya sabuni na rangi ya kahawia iliyokoza mno, soda ilizidi. Isipoumuka, aidha mchanganyiko ulikaa muda mrefu kabla ya kuingia motoni, kwa kuwa soda huanza kazi mara tu inapogusa mtindi, au bekingi pauda imekufa kwa unyevu: tia kijiko chake kwenye maji ya moto, na isipochemka povu la haraka, nunua nyingine. Ikikosa ladha, viungo viongezwe mara moja na nusu ya kawaida, na hiliki itwangwe siku hiyo hiyo, maana mafuta yaliyokuwa yakibeba harufu yake hayapo tena.

Mafuta yamepungua kwenye mapishi, lakini si kwenye keki

Kasoro hii haionekani kwa macho. Mtu hupunguza mafuta ya chupa, kisha anaweka kikombe cha korosho zilizotwangwa, konzi ya ufuta na tui la nazi. Korosho ina mafuta ya takribani gramu 44 katika kila gramu 100, na ufuta hufikia karibu nusu ya uzito wake. Siwezi kumwambia mtu wa Newala au Ruangwa aache korosho, wala sioni sababu, kwa kuwa sehemu kubwa ya mafuta yake ni ya aina isiyoganda na yenye nafuu kwa moyo. Ninachoshauri ni mahali pa kuziweka. Gramu 30 za korosho zilizovunjwavunjwa na kunyunyizwa juu ya keki 12 kabla ya kuoka huongeza gramu 1 tu ya mafuta kwa kila keki, na ulimi huzikuta mwanzo kabisa. Zikichanganywa ndani, utahitaji mara tatu yake ili zisikike. Ufuta nao vivyo hivyo, juu tu, kama kwenye mkate wa ufuta.

Tui ni jambo tofauti, kwa sababu mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa ni yale yanayoganda. Kasimele, yaani tui zito la kwanza, iache kwa ajili ya samaki wa siku maalumu. Kwenye mkate wa kumimina tumia tui la mwisho lililo jepesi, na nusu ya majimaji yote iwe maji matupu. Mkate hautakuwa mnono kama wa harusini, lakini harufu ya nazi itabaki.

Saa nne asubuhi njaa imerudi

Ikiwa keki ni laini, haikauki, na bado mtoto anarudi akilalamika njaa, basi mafuta yalipotolewa palijazwa sukari na unga mweupe. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na keki ya asubuhi haipaswi kuimaliza nafasi hiyo yote. Ongeza mtama au uwele badala ya sehemu ya ngano, na ambatanisha keki na kitu chenye protini: yai la kuchemsha, kikombe cha maziwa, au njugu mawe zilizochemshwa usiku. Keki peke yake, hata iwe nzuri kiasi gani, haikuumbwa kubeba mlo mzima.

Kwa asiyeweza kuoka

Bofulo la kawaida lina unga, maji, hamira na chumvi, na mafuta kidogo sana; linaloligeuza ni majarini inayopakwa juu. Lipake ndizi iliyopondwa, au maharage yaliyobaki jana. Skonsi na keki za dukani hutofautiana sana, na mara nyingi hazina maandishi ya viambato. Muulize muuzaji kama zimepikwa kwa majarini, na ukirudi nyumbani weka kipande kwenye karatasi nyeupe kwa dakika 10, kisha ielekeze karatasi kwenye mwanga. Doa linaloangaza na lisilokauka ni mafuta. Doa la maji hukauka na kupotea.